Pezi Namba Moja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na wenzangu wa karakana waache kugombea nafasi hiyo, ina mwenyewe.

Tulikuwa tunaisafirisha roketi yetu ya pili. Ya kwanza ilipanda vizuri tu, kisha ikapinda kama mlevi anayetafuta choo, ikaingia baharini na setilaiti za watu tumboni. Sababu tuliijua sote, na hakuna aliyeitaja mezani. Hii ya pili nayo ikizama, kampuni inafungwa, na sisi wa idara ya mwongozo, tunaoshika usukani wa kitu kisicho na dereva, tutaishia kufundisha tuisheni ya hesabu mitaani hapa Thiruvananthapuram, kusini mwa India.

Asubuhi ilifanyika ibada ya kuiaga. Kuhani alivunja nazi, akaipaka roketi sandali ya kunukia, akaivisha shada la maua, na malimau yakawekwa chini ya magurudumu ya lori yapondwe likiondoka. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao. Lori lilitakiwa litoke kabla ya adhuhuri, kwani maandamano ya kufunga Onam, sikukuu yetu ya mavuno, yakianza mji wote hufungwa, na zamu yetu ya kurusha kule kisiwani haikuwa ya kungoja mtu.

Lilibaki jaribio moja, jepesi kuliko kuchemsha chai. Kuna kisanduku kinachohisi roketi inakoinamia. Hutolewa ndani, kikafungwa kwa skrubu kwenye meza yake ya kupimia, nyaya zikiwa bado zimeunganishwa. Unakiinua pua, unatazama mkia wa roketi iliyolala pale. Pua ikipanda, mdomo wa injini lazima uinamie chini, ili mkia usukumwe juu na pua irudi mahali pake.

Nikakiinua. Mdomo wa injini ukapanda.

Nikarudia. Ukapanda tena, bila haya. Nikakipeleka kulia, ukaenda siko. Yaani roketi ikianza kuanguka, sisi wenyewe tunaisukuma ianguke vizuri zaidi. Nikakaa, nikasimama, nikanywa chai ambayo baadaye niligundua si yangu. Mvua ilitwanga mabati, na dereva wa lori akawa anapiga honi kama aliyekuja kuchukua bibi harusi.

Nikamwita Sreekumari, mkuu wetu. Alikuja na sari yake ya Onam yenye pindo la dhahabu, akauliza jambo moja tu: tangu jaribio la jana, lililofaulu, nani amegusa nini? Nikajibu kwa niaba ya karakana nzima. Hakuna. Nilikuwepo tangu alfajiri, hakuna aliyegusa kitu. Nikamweleza kwamba kuna mtu amevuruga programu, kwamba dawa yake ni kuongeza alama moja ya kutoa ili amri igeuke, kistari kama cha kucha, na kwamba mkono wangu uko tayari. Akaanza kuizunguka roketi polepole, nami nikamfuata nyuma nikiongea, kama mbuzi aliyeona majani.

Mara akajilaza sakafuni, na sari yake ile, akaingia chini ya roketi.

“Jayan, njoo ulale hapa.”

“Dada, nimevaa nyeupe.”

“Njoo.”

Nikalala kando yake. Juu ya pua yangu, katikati ya shada la maua lililokuwa likining'inia, ilinitazama namba moja iliyoandikwa kwenye pezi. Na pezi namba moja ndilo linalotakiwa kuwa juu. Roketi zetu hulazwa namba moja ikitazama dari, na kila anayekula mshahara pale anajua hivyo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka asubuhi yangu. Bendera iliyochorwa ubavuni ilikuwa inatazama ukuta, na wageni walikuwa upande wa pili na kamera zao. Nani alimwambia Kunjumon wa winchi aizungushe roketi nusu duara ili bendera itoke vizuri kwenye picha? Mimi. Tena nilimhimiza. Kisanduku mezani kilijua juu ni wapi. Ni roketi iliyokuwa imelala kifudifudi. Programu haikuwa na kosa lolote.

Ungedhani ningenyamaza. Lakini Kunjumon na vijana wake walikuwa wameshakwenda kula karamu ya Onam, na mtu mwenye jani la mgomba lililojaa wali mbele yake hapokei simu. Meza ya kupimia nayo haipinduliki, ili kisanduku nacho kilale kifudifudi. Honi ikalia tena. Nikajifuta vumbi, nikaanza kumbembeleza Sreekumari: basi tukiweke kile kistari kwa leo tu. Jaribio litafaulu, mkaguzi atatia saini, lori litatoka kabla mji haujafungwa. Tukifika kisiwani nitakifuta. Namba moja itakuwa juu, kistari kitakuwa hakipo, nani atajua?

Akasema tumngoje Kunjumon hata kama atakuja kesho na tumbo lake. Nikasema kesho zamu yetu itakuwa imepewa wengine. Akasema huenda. Nikaapa kwa mama yangu kwamba programu nitairudisha ilivyokuwa mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Aliutazama ule mkono, kisha akaanza kukung'uta pindo la sari.

“Hata ile ya kwanza tulisema tutarudisha tukifika, Jayan. Nenda kawaulize samaki kama tulirudisha.”