Pindo la Mguu wa Kushoto

Mimi ni fundi cherehani. Sijaajiriwa na mtu kutafuta maiti, lakini wenye kazi yao wanakunywa chai, kwa hiyo kila Jumatatu nafunga duka mapema naenda mochwari. Nanakili daftari la wasiojulikana: nguo, urefu, makovu. Kisha nalinganisha na orodha yangu ya waliopotea. Familia tisa zimejua walikozikwa watu wao kwa sababu yangu, na bado mhudumu wa mochwari ananiita Shangazi wa Wafu. Hana adabu yule, ila ana roho nzuri.

Nilianza kwa ajili ya kaka yangu. Miaka kumi na tatu iliyopita aligombana na Mama, akatoka, hakurudi. Sasa Mama macho yamefifia, miguu imevimba, na maneno aliyomtupia mwanawe siku ile hayamtoki. Anataka jambo moja tu: ajue alipo kabla yeye hajafa.

Kanuni niliitunga mwenyewe: mtu akipotea mwezi fulani, tafuta maiti za mwezi huo na miezi sita inayofuata. Ukitaka kusoma zote utapata wazimu. Miezi ya kaka niliimaliza zamani, nikafunga ukurasa.

Jumatatu iliyopita nilikuwa namtafutia muuza mkaa mmoja mumewe, aliyepotea mwaka jana. Nikasoma kwenye kurasa za mwaka huo: "Mwanamume, miaka arobaini hivi. Suruali ya kijivu, mguu wa kushoto umepindwa zaidi." Kalamu ikanidondoka. Kaka alivunjika mguu wa kushoto utotoni, ukabaki mfupi. Suruali zake nilizipinda mimi tangu najifunza kushona.

"Nguo zake zipo?"

"Zipo, Shangazi. Na picha."

Alikuwa yeye, na mvi kidevuni. Pindo lilishonwa kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa, kazi ya mtu asiye fundi. Aliokotwa nyuma ya soko, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Miaka kumi na miwili alikuwa hai, jamani! Na mimi nikamtafuta kwenye miezi saba! Nilimtukana kaka yangu pale pale, nikajitukana na mimi, nikalia mpaka mhudumu akanishika mkono, safari hii bila utani.

Nyumbani nilimkuta Mama amekaa kitandani.

"Mama, nimempata. Alizikwa na jiji. Kaburi lina namba, nitakupeleka."

Akanigeukia. "Alikufa lini?"

Tarehe ilikuwa mfukoni mwangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Wiki ile ile, Mama. Ile aliyoondoka."

Akalia, lakini uso ulimlegea kama ambavyo sijawahi kuuona miaka yote hii.

"Nilijua," akasema. "Mwanangu asingekaa hai bila kurudi kwangu. Au angeweza?"

"Asingeweza, Mama," nikamwambia.