Bomba Lilipoanza Kuelea

Kule milimani tulikotangulia kulaza mabomba, adui alikuwa jiwe. Bomba la nyuzi za kioo ni jepesi na halishiki kutu, lakini jiwe lenye ncha likiliegemea chini hulila taratibu, kwa hiyo mchanga wa kulilaza tuliuchekecha kama unga. Huku kinamasini, nje ya mji wa Banjarmasin, jiwe hulioni. Adui ni maji. Bomba tupu ambalo halijafukiwa, maji yakilizunguka, linaelea.

Ijumaa ile tulikuwa tumeunganisha vipande sita ndani ya mtaro, pampu tatu zikiunyonya tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Jumberi, mume wa dada yangu, alitakiwa atambae ndani kukagua mipira ya kuzibia viungo. Sharti ni kwamba anayeingia aandikwe kwanza kwenye ubao wa injinia. Ubao ulikuwa ofisini, mwendo wa dakika kumi kwenye matope, nami nilitaka tufukie kabla ya swala. Nikamwambia aingie tu.

"Nikifia humu, shemeji, dada yako ataolewa na yule muuza samaki wakavu," alisema.

"Angalau atanenepa."

Akacheka, akaingia. Kila kiungo alichokiona kizima alikigonga mara mbili, nasi tukasikia. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne.

Ndipo mvua ikashuka kwa kishindo. Ukingo ukamomonyoka, pampu mbili zikameza tope na kuzimika. Maji yakapanda mpaka magotini, na cha tano hakijagongwa.

Injinia Rabiatul alikuja mbio, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Akaniambia nifungue koki ya kujazia, bomba lijae maji lipate uzito. Alikuwa sahihi, ndivyo inavyofanywa. Nikamwambia koki imekaza. Ulikuwa uongo, na mafundi wawili waliokuwa kando yangu wakainamisha macho.

"Basi lete spana, Mzee Masrani. Likinyanyuka tumekwisha."

Bomba likatikisika. Ncha ya mbali ikainuka kiasi cha kidole.

"Jumberi yumo ndani," nikasema.

"Hayumo ubaoni."

"Hayumo ubaoni. Nimemwingiza mimi."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliwaamuru mafundi wapange magunia ya mchanga juu ya ncha, akanifunga kamba kiunoni kwa mikono yake, akanipa nyingine ya Jumberi. Nikaingia.

Ndani mvua ilisikika kama choroko zinazomwagwa kwenye debe. Nilitambaa nikihesabu viungo. Cha tano kilikuwa kimepinda, maji yanaingia kwa upande mmoja, na upande wa pili vidole viwili vya Jumberi vimebanwa kati ya vipande.

"Mpira ulijikunja," alisema polepole, "nikatia mkono niunyooshe. Usinivute, shemeji."

Nilimfunga kamba nisijue cha kufanya baada ya hapo. Maji yakafika viwikoni, yakafika kifuani. Alianza kusoma dua, akakosea maneno, akarudia mwanzo. Nikamshika kidevu kisizame. Nilijaribu kuwaza dada yangu nitamwambia nini, nikakosa hata sentensi ya kuanzia.

Kilichotuokoa ni yale maji yenyewe. Kadiri yalivyozidi kuingia, ndivyo bomba lilivyozidi kuwa zito. Lilitetemeka, likashuka chini ya migongo yetu, kiungo kikalegea kidogo. Jumberi akachomoa mkono na kupiga yowe. Nikaitikisa kamba kwa nguvu zote, wakatuvuta, midomo yetu ikikwaruza dari ya bomba kutafuta hewa.

Tulipotoka tu, injinia mwenyewe alifungua koki. Bomba likatulia. Lakini viungo viwili vilikuwa vimeharibika, na wiki iliyofuata tuling'oa vipande vyote sita tukaanza upya. Mimi nilikuwa nimeshavuliwa usimamizi, nikashika koleo pamoja na wengine. Jumberi alipoteza pingili ya kidole cha kati.

Dada yangu nilimweleza mwenyewe, jikoni kwake, jioni ya Ijumaa ileile. Sikuficha ubao wala uongo wa koki. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapara samaki, kisha akaniomba nisogee, nimemzibia mlango. Ilipita miezi miwili kabla hajanisemesha tena.