Kiraka cha Unyayoni

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu, mguu wa kulia wa Nesta ulikuwa juu ya mito miwili, umefungwa bandeji, na mlangoni mwa wodi alikuwa amesimama mkwewe, amewapa wagonjwa mgongo. Nesta alitaka kujisaidia. Hakusema.

Katika ukoo wake mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Ngassa, mfugaji wa Kisukuma aliyemwoa binti yake Eva kule Ivuna, aliishika adabu hiyo kuliko waliozaliwa nayo. Akimwona Nesta njiani na mzigo wa chumvi, aliingia porini na ng'ombe wote ili ampishe. Lakini Eva alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na Nesta, mjane, hakuwa na mtoto mwingine wa kumleta hospitali Tunduma; akaletwa na Ngassa.

Doa lilianzia kisiginoni, dogo, jeusi. Yeye huchemsha chumvi. Alidhani ni masizi yaliyoingia kwenye ufa, akalisugua kwa jiwe. Lilipopasuka na kutoa majimaji alivaa soksi, hata kanisani, hata katika joto la bondeni. Soksi ilipoanza kunuka ndipo Eva alipomvua kwa nguvu. Hospitalini walikata kipande wakakipima. Jibu lilikuwa saratani ya ngozi.

Daktari Fanueli alimweleza bila kuremba. Asile kitu tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Atachomwa sindano ya ganzi mgongoni; atakuwa macho lakini hatasikia maumivu. Doa litaondolewa pamoja na ukingo wa ngozi isiyo na doa inayolizunguka, kwa sababu saratani huvuka mpaka unaoonekana. Kidonda kitazibwa kwa kiraka cha ngozi kutoka pajani.

"Paja la nani?" Nesta aliuliza.

"Lako, mama. Ngozi ya mtu mwingine haishiki."

Kisha akamminya kinenani kutafuta mitoki, uvimbe ambao ungeonyesha saratani imesambaa. Hakuikuta. Nesta alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Baada ya upasuaji usikanyage mpaka nikuambie," daktari alisema. "Kiraka kinashika polepole, ukikisogeza kinakufa. Utajisaidia kitandani. Ndugu aliyekuleta ataleta beseni."

Ndugu aliyemleta alikuwa nje, ameshika beseni lenyewe.

Upasuaji ulikwenda kama alivyoambiwa. Miguu ilikuwa mizito, kisha ikawa kama si yake. Alisikia kuvutwa, vyuma vikigonga sahani, na watu wakizungumzia foleni ya malori mpakani. Hakuumia. Kilichomtesa ni kujua kwamba paja lake liko wazi chini ya taa na kwamba hawezi kulifunika. Paja lilikuja kuuma ganzi ilipoisha, likiwaka kuliko unyayo, na hilo pia alikuwa ameambiwa.

Wodini aliokolewa na Tabita, mchuuzi wa vitenge aliyevunjika mkono, wa kitanda cha jirani.

"Mwambie mama uji uko tayari," Ngassa alisema, macho ukutani.

"Mama, ukuta unasema uji uko tayari."

"Mwambie nimeshukuru."

"Baba, kitanda kinashukuru."

Beseni nalo lilipitia kwa Tabita. Ngassa alilileta hadi kwenye pazia akatoka. Tabita akaliweka kwa mkono wake mzima. Ngassa akarudi kulimwaga. Jumapili Tabita aliruhusiwa kwenda nyumbani.

"Nawaacha na nani sasa?" alisema akifunga kanga. "Mtaituma dripu?"

Ndiyo maana Jumatatu hiyo Nesta hakusema. Muuguzi alikuwa mmoja, mwisho wa wodi, kwa mgonjwa aliyezidiwa. Ngassa alikohoa mlangoni, akangoja, hakujibiwa, akasogea mbali kidogo kwa heshima. Nesta akashuka. Alikwenda chooni akishikilia vitanda, akarudi, akajifunika.

Muuguzi aliiona damu sakafuni kabla ya kuiona kwenye bandeji.

Daktari alifungua. Katikati kiraka kilikuwa cha pinki, kimeshika. Upande wa nyuma kilikuwa kimenyanyuka, na damu nyeusi imejaa chini yake.

"Ulikanyaga."

"Niliteleza."

"Aliyeteleza haachi damu mpaka mlango wa choo, mama." Alisema kwa sauti ile ile. "Hapa patakufa. Sehemu nyingine itapona, ukitulia. Ukikanyaga tena kitatoka chote, na nitachukua ngozi paja la pili." Akamwita Ngassa. "Wewe ndiye ndugu yake. Ulikuwa wapi?"

Ngassa aliingia ameinamisha kichwa. "Mlangoni. Sikumletea beseni. Kosa ni langu."

Nesta alijua kwamba hakumwita. Ngassa naye alijua. Uongo ule aliojitwisha mkwe ulimchoma kuliko paja, lakini hakufungua mdomo, na daktari akaandika alichoandika akaondoka. Majibu ya nyama iliyoondolewa kwenye upasuaji yalikuwa bado hayajatoka.

Mguu ulifungwa upya, ukarudishwa juu ya mito. Ngassa akarudi mlangoni, mgongo wodini.

Mchana haja ilikuja tena. Nesta alitazama kitanda cha Tabita. Kilikuwa kimetandikwa, hakina mtu.

"Baba," alisema.

Ngassa hakugeuka. Alitazama ukumbini, kulia na kushoto, akimtafuta anayeitwa.

"Baba Ngassa. Naomba beseni."

Alilichukua kando ya mlango, akaja nalo mpaka kitandani. Akanyanyua pindo la shuka, akalisukuma ndani, akageuka kutazama ukuta.