Msalaba Juu ya Skonzi

Foleni ya Jumamosi asubuhi katika bekari ile haikuwa na adabu. Watu walisukumana tangu mlangoni, kila mmoja amenyoosha shingo kuona kama keki zimebaki, na kila aliyefika alidai alikuwepo kabla ya mwenzake. Nyuma ya kaunta alisimama Mama Skonzi, mke wa mwokaji. Mikono ilifunga mikate na mdomo nao haukukosa kazi.

"Si jana ulisema umeacha sukari?" alimwuliza fundi viatu. "Hii keki ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Makubwa! Mke anakula, tumbo linaota kwako."

Skonzi ndizo zilizompa jina. Zilikuwa za aina mbili zenye sura moja, nyingine zimetiwa siagi ya karanga ndani, nyingine tupu. Ungezitofautisha kwa alama tu, ambazo mumewe alizikata kwa wembe juu ya skonzi kabla hazijaingia kwenye oveni. Mkato mmoja, kuna karanga. Mikato miwili iliyopishana kama msalaba, hakuna. Mtaa mzima ulijua hivyo, na Mama Skonzi alijua kuliko mtaa. Hakuwa hata akiangalia. Alipapasa tu, akatia kwenye mfuko, huku macho yakimtania mteja wa nyuma. Alijivunia sana mkono wake huo, na mtu akishajivunia mkono, macho huenda likizo.

Asubuhi hiyo mumewe alikuwa kitandani, mgongo umemkaza hata kugeuka hawezi. Aliyeoka ni shemeji yake, mdogo wa mume, fundi hodari aliyefanya kazi miaka mingi katika bekari ya mji mwingine. Skonzi zake zilitoka zimeumuka vizuri, zinang'aa. Mama Skonzi alikiri moyoni kwamba mumewe amepata mpinzani.

Mambo yaliharibika aliporudi mwalimu mmoja aliyekuwa ameshanunua na kuondoka. Mkononi alishika nusu ya skonzi.

"Mama Skonzi, leo mmetufanyia choyo. Mkato mmoja huu hapa, na ndani karanga hakuna hata ya dawa!"

Watu walicheka. Mama Skonzi alitaka kucheka nao, kicheko kikakwama. Alichukua skonzi ya msalaba kwenye trei, akaipasua. Siagi ya karanga ikamchuruzika kwenye kidole gumba.

Aliingia jikoni haraka.

"Shemeji, zenye karanga umezikataje?"

"Msalaba," alijibu shemeji, bado anakanda unga. "Kule kwetu yenye kitu ndani ndiyo inapigwa msalaba. Kwani hapa vipi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mume alidhani mkewe atasema, mke alidhani ndugu wawili wameshaelezana, na shemeji alidhani dunia nzima hukata kama kwao. Watatu hao, wote wazima na akili zao, walikuwa wameiacha alama ijieleze yenyewe.

Ndipo Mama Skonzi alipomkumbuka bibi wa nyumba ya kona.

Bibi huyo alilea mjukuu wa kike ambaye karanga kwake ni sumu. Mara ya mwisho alipoonja, uso ulivimba, koo likaziba, na walimfikisha hospitali pumzi zikipita kwa shida. Na bibi alikuwa ametoka pale kaunta muda si mrefu na mfuko wa skonzi za msalaba. Mama Skonzi mwenyewe alizipapasa. Mwenyewe alizifunga, akasema, "Nisalimie mjukuu wangu."

Alipiga simu ya bibi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita hivyo hivyo.

"Nenda," shemeji alisema, ameshaelewa. "Lakini toka kimya kimya. Mimi nitabadilisha trei. Ukiwatangazia hawa, kesho hatakanyaga mtu hapa. Kaka ameitafuta sifa hii kwa jasho, shemeji. Usiimwage."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alichungulia dukani, akaiona foleni, akamkumbuka na mumewe enzi alipokuwa na meza moja tu barabarani, hakuna anayemjua. Kisha akawaza ni wangapi zaidi wametoka na msalaba mfukoni, na nani anawasubiri nyumbani.

Alipanda juu ya kreti ya soda.

"Jamani, nisikilizeni! Alama za leo zimegeuka. Skonzi za msalaba ndizo zenye karanga. Kosa ni letu. Aliyenunua asimpe mtoto kabla hajaipasua, na aliyemwona jirani akinunua amkimbilie sasa hivi!"

Duka lililipuka. Mmoja alitukana. Mwingine aliacha mfuko wake kaunta, akatoka. Mama Skonzi hakungoja kusikia zaidi. Alipita katikati yao na aproni yake, akakimbia akikatiza mbele ya magari, sandali moja ikabaki njiani, wala hakugeuka kuitazama.

Mlango wa nyumba ya kona ulikuwa wazi. Binti alikuwa ameketi sakafuni, amejishika shingo, midomo imevimba, kila pumzi inapita kwa filimbi. Mezani kulikuwa na skonzi iliyong'atwa. Bibi alipiga magoti kando yake na sindano waliyopewa hospitali kwa ajili ya siku kama hiyo.

"Mikono haishiki!" bibi alilia. "Mwanangu, nisaidie, mikono haishiki!"

Mama Skonzi aliichukua. "Wapi?"

"Pajani. Kandamiza. Usiitoe upesi."

Alikandamiza. Mkono ule ule uliopapasa skonzi ulitulia kama umefungwa, na yeye alikuwa akilia huku anakandamiza. Mlangoni alitokea fundi viatu, anahema, amekwisha kusimamisha teksi. Alikuwa amesikia tangazo akafuata mbio. Alimbeba mtoto bila kuuliza neno.

Hospitali iliwapokea. Mchana ulipofika binti alikuwa amelala kwenye mto, uso ungali umevimba lakini pumzi zinakwenda. Bibi alikaa upande mmoja wa kitanda, Mama Skonzi upande wa pili, na bibi hakuwa amemsemesha tangu kwenye teksi. Mama Skonzi hakumlaumu. Alitamani atukanwe, maana kimya kile kilimuuma zaidi.

Binti alifumbua macho, akamwona.

"Bibi amenifundisha niulize," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nikipewa chakula, niulize kama kina karanga. Shuleni nauliza. Kwa shangazi nauliza. Hata bibi mwenyewe namuuliza."

"Pumzika, mama. Usiongee."

"Chako tu ndicho siulizi."

Bibi aligeuza uso akatazama dirishani. Mama Skonzi aliushika mkono wa mtoto.

"Uliza," alimwambia. "Hata mimi uniulize, mwanangu. Mimi uniulize kuliko wote."