Karatasi ya Arobaini ya Minko

Mtaani kwetu, mjini Yambol, mtu akifa, habari zake hubandikwa mlangoni: picha, msalaba, maneno machache, na majina ya wafiwa chini. Siku ya arobaini hubandikwa karatasi nyingine, kisha ya miezi sita, kisha ya mwaka, mpaka waliobaki wachoke. Karatasi hizo nazichapa mimi, kwenye kiduka changu chini ya ngazi, ndiyo maana umbea wote wa jengo hupitia kwangu kwanza.

Ninalo faili la maneno. Mwanamke alikuwa jua la nyumba, mwanamume, nguzo. Humo hakuna aliyekufa: wote wamelala, au wametangulia. Mwalimu Haralampi, mstaafu wa fasihi, huja kutoa nakala ya ukurasa mmoja akakaa saa mbili, na ndiye hunitajia majina: hii sitiari, hii tafsida, hii chuku. Mimi zote naziita sukari. Msiba ni mchungu, lazima utie.

Jumatatu ile aliingia Tsonka, mjane wa Minko wa ghorofa ya tatu, pamoja na wifi yake Gergana, dada wa marehemu, kuagiza karatasi ya arobaini. Gergana alikwishachagua maneno.

"Andika, Dana: 'Sauti yako tamu ingali masikioni mwetu. Machozi yetu yameufurisha mto Tundzha.'"

Mwalimu akakohoa. "Tundzha nimeupita asubuhi. Maji ya magotini."

"Wewe nakala yako si imetoka? Nenda kwako!"

Nikaanza kuandika. Tsonka akaweka mkono juu ya kompyuta.

"Sauti ipi, wifi?"

Jengo zima lilijua. Minko hakuwa mlevi, wala hakuwa mpigaji, alinuna tu. Miaka minane ya mwisho mkewe hakusikia kwake ila "chumvi iko wapi".

"Ni maneno tu," Gergana akasema. "Kila mtu huandikiwa."

"Lakini mlango ni wangu. Nitaupita na mkate wangu kila siku, na watu watasoma 'sauti tamu', waniangalie, wakacheke kwenye lifti. Kununa kwake nilikuvumilia. Kuchekwa sikuwezi."

"Sasa unataka nini? Tumwite gogo?"

"Hiyo nayo sitiari," mwalimu akanong'ona.

Gergana hata hakumgeukia. "Sikiliza, wifi. Ukimwaibisha kaka yangu, jina langu litoe hapo chini. Na mkate wa arobaini mtaumega wenyewe."

Nikamsomea Tsonka faili langu: mwaloni, nyota, moyo wa dhahabu. Kila neno anatikisa kichwa. Mwishowe nikalifunga, jambo ambalo sijawahi kufanya mbele ya mteja.

"Haya, mama. Kwani alikuwa akifanya nini?"

Akafikiri. "Alikuwa anachoma pilipili hoho."

Kweli! Kila Septemba watu walimpelekea magunia yao ya pilipili za akiba ya baridi, naye akazichoma verandani siku tatu mfululizo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikuta beseni langu mlangoni, pilipili zimemenywa, zimefunikwa sahani. Hakuwahi kubisha hodi.

Nikaandika:

*Minko hakuwa msemaji. Kila Septemba alichoma pilipili za jengo zima. Mwaka huu veranda haina moshi.*

Mwalimu alikuwa akisoma nyuma ya bega langu. "Na hii inaitwaje?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza," akasema, akafuta miwani.

Gergana akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Hujasema alikuwa mwema."

"Sijasema," Tsonka akajibu.

"Wala mbaya."

"Wala."

Gergana akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mimi nilikuwa nampelekea magunia mawili," akasema. "La pili la jirani yangu. Alijua, akachoma tu." Akajipangusa pua. "Jina langu liache. Lakini Dana, msalaba gani huu, mdogo kama wa kaburi la kuku? Ukuze."

Nikaukuza.