Bega la Kushoto

Bega la kushoto la Kitinda lilikuwa chini kuliko la kulia tangu azaliwe, na waliolijua walikuwa wachache. Mama yao alilijua, akafa nalo. Dada yake, fundi cherehani, alilijua kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akilishonea sponji nyembamba ndani ya kila nguo tangu mdogo wake alipoanza kuona haya mbele ya kioo. Sare za shule, blauzi, magauni ya harusi za watu, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka na mabega sawasawa.

Kisha Kitinda akawa mtu wa watu. Alianza kwa kujirekodi akivaa na kuchekesha, na kufumba na kufumbua wafuasi wake wakawa wengi kuliko wakazi wa mji wao. Fundi alifurahi, tusimsingizie. Alifurahi hadi siku ile mtangazaji alipomuuliza Kitinda nani anamshonea, naye akatabasamu akasema, "Nina mtu wangu." Basi. Mtu wangu, kama vile mtu wa kufagia uani. Fundi, ambaye macho yamemchakaa kwa kutunga uzi, alikaa na maneno hayo kooni kama mwiba wa samaki. Wivu hauna adabu, haubishi hodi.

Ndipo akafungua akaunti yenye picha ya ua, akaandika chini ya picha mpya ya mdogo wake: "Mtoeni sponji bega la kushoto tumwone alivyo." Alitaka amchome kidogo tu, yaishe. Lakini mtandaoni hakuna kidogo. Kulipokucha watu walikuwa wamechora mistari juu ya picha za Kitinda, mpya na za zamani, wakimpima mabega. Wengine walimwita mzani mbovu, wengine wakajirekodi wakitembea upande upande. Fundi alifuta maneno yake, lakini wapi, maji yalikwisha kumwagika.

Alasiri hiyo Kitinda aliingia chumba cha kushonea, mtandio umemfunika hadi puani. Gauni la sherehe ya tuzo lilikuwa limetundikwa, limebaki pindo. Alilivaa, akasimama mbele ya kioo, na dada yake akapiga magoti na pini mdomoni.

"Toa sponji, dada."

"Kitinda, mdogo wangu..."

"Wewe toa tu. Nikiiacha watasema nadanganya, nikiitoa watacheka. Bora wacheke nikiwa sidanganyi."

Fundi alitema pini kiganjani, akainuka, akaanza kufumua mshono wa begani.

"Nimemfukuza mpambaji wangu," Kitinda alisema. "Amelia, ameapa kwa wanawe, nikamfungia mlango. Wanaoniona bila nguo ni wawili tu, yeye na wewe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Na mimi hukunishuku?"

Kitinda alimtazama kwenye kioo kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Wewe ni dada yangu."

Hapo fundi angeweza kunyamaza, na mambo yangepita. Mpambaji alikuwa mtu baki, angepata kazi kwingine. Lakini ule mwiba ulikuwa bado kooni. "Mbona basi siku ile hukunitaja?" aliuliza.

"Nikutaje ili iweje? Nilimtaja mwalimu wangu, wakamsaka, wakamtukana hadi akazima simu. Nilimtaja mchumba wangu, na yaliyompata unayajua. Nikasema wewe hawakupati. Niwe na kitu kimoja wasichokigusa."

Fundi alichomoa sponji, ikabaki mkononi mwake. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, na alijua kwamba akinyamaza sasa ataizoea.

"Mpambaji si yeye," alisema. "Ni mimi niliyeandika."

"Lile ua ni wewe?"

"Ni mimi."

Kitinda alikaa juu ya rundo la vitambaa, gauni limejaa pini, bega moja juu na jingine limelala, kama mama yao alivyomwona siku ya kwanza. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha alichukua simu, akabonyeza jina, akaweka spika na kumnyooshea dada yake.

Mpambaji aliipokea kabla haijaita mara ya pili. "Dada, nakuomba unisikilize. Sikumwambia mtu, naapa kwa wanangu. Kazi hii ndiyo inayowalisha..."

Fundi alimtazama mdogo wake kumwomba msaada. Kitinda alikuwa amegeukia ukutani.

"Siyo Kitinda," fundi alisema. "Ni mimi, dada yake. Usilie kwanza, mama. Nina jambo la kukwambia."