Kwa Nini Nabii Alianguka Kifudifudi

Baba wa mchumba wangu ni mwalimu mstaafu, na kila Jumanne na Alhamisi alasiri hufundisha maandiko sebuleni kwake. Mimi huchomelea mageti. Nilipopeleka posa alizitazama kucha zangu nyeusi, akasema atanijibu nikishajua kufasiri maono. Posa ikawa mtihani!

Jumanne tulikuwa kwenye somo la yule nabii aliyeuona utukufu wa Mungu kwa mfano wa mtu: kiunoni kwenda juu kama chuma kinachowaka, kwenda chini moto mtupu. Mzee alikuwa amechora ubaoni, kiuno kwa chaki nyekundu. Juu ni hukumu, alisema, chini ni rehema. Au kinyume chake. Mimi nilikuwa namtazama binti yake.

"Fundi," akaniita. "Kwa nini nabii alianguka kifudifudi?"

"Hakuwa na kioo cheusi cha kuchomelea, Mzee."

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mchumba wangu akainamisha kichwa.

"Nasema kweli jamani," nikajitetea. "Mwanga wa namna ile hautazamwi."

Kesho yake asubuhi Mzee akatinga karakana na daftari, kujionea. Nikampa kinyago chenye kioo hicho, akakisukuma. "Nabii alivaa?" Nikagoma kuwasha mashine. Akaahidi kufumba macho, nami nikamwamini. Mwalimu mzima, alidanganya.

Jioni nikaitwa mbio. Mzee kalala kifudifudi kitandani, analia kwamba macho ni kama yamejaa mchanga. Nilimwongoza hadi zahanati nimemshika mkono, nikijua posa yangu imekwenda na maji. Nani amwoze binti yake kwa mtu aliyempofusha? Daktari alimtia dawa, akamfunga bandeji, akasema siku mbili tatu atapona.

Alhamisi sebule ilifurika. Umbeya ulishawafikia wote. Mzee aliketi na bandeji yake, kitabu mapajani.

"Juzi niliwachorea kiuno," akasema. "Na chaki nyekundu! Mimi nimetazama cheche za geti la banda la kuku, nimeanguka. Mwenzangu nabii alikuwa anamtazama Mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Akanyoosha kitabu mbele, akiuelekezea ukuta.

"Mkwe," akaita, "njoo unisomee."

Nilibaki nimeduwaa mpaka mchumba wangu akanipiga kiwiko. Nikakipokea kitabu kwa kucha zangu zilezile. Mstari wa kwanza sikuuona vizuri. Safari hii machozi yalikuwa yangu.